Kipande cha Nane

Mrija nambari sitini na mbili. Jina haliandikwi.
Lakini nilikuwako mgongo ulipoinamishwa,
nikaona hina iliyofifia kwenye vidole vya miguu,
nikamjua: Mwalimu Mwanashee wa Kuze,
aliyenifunza, darasa la sita, kuhesabu mizani kwa vidole,
na kunifinya sikio kila nilipomeza silabi.

Kwa jicho tupu, maji ya uti wake ni maji ya dafu.
Chini ya darubini, ni Kongowea siku ya soko.

Nahesabu. Viraba vya kioo, mstari kwa mstari,
seli nyeupe saba, kumi na moja, ishirini na nne,
mahali ambapo hata tano ni nyingi.
Midomo yangu yachezacheza kama zamani, bila sauti.

"Ni walinzi wa mwili," asema Dkt. Kadzo.
"Wameingia ubongoni kumsaka adui. Adui hayumo,
ama alikuwamo akatoka.
Sasa wanawakamata wenye nyumba."

Alipokuwa bado na maneno nilimpelekea fomu ya ridhaa.
Akaomba kalamu nyekundu.
"Mchochota," akasoma. "Ni nani alolitunga neno hili?
Lenyewe lachoma."
Akafuta koma mbili, akanyoosha ngeli ukurasa wa pili,
na ukurasa wa tatu akasita:
nusu ya wagonjwa watapewa dawa, nusu maji ya chumvi,
na nani kapewa nini hajui daktari, hajui muuguzi,
sijui mimi.
Akacheka hadi mtandio ukamteleza.
"Mtihani ambao hata mwalimu hana majibu!"
Akatia sahihi.

Siku ya nne aliomba sahani, akaiita Jumatano.
Siku ya saba mwanawe Fumo aliingia na uji,
akamwamkia kama mgeni wa marehemu babake.
Siku ya tisa akanishika mkono, akasema: andika.
Nikaandika nyuma ya bahasha ya vipimo:

    Moto huanza jikoni, moshi chumbani kufika,
    Bawabu yu mlangoni, usingizi hakutaka,
    Kijinga ki mkononi, mwizi yeye anasaka,
    Nyumba imo hatarini,

Kisha akatazama feni ya dari.
Nilingoja. Chai ikapoa, ikafanya utando.
Muuguzi akaja kubadili chupa,
dawa ama chumvi, ikidondoka taratibu.

Jana usiku stima ilipotea Makadara nzima.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Nilivuta kiti nikakaa mbele ya friza
nikisoma kipimajoto kwa tochi ya simu:
sabini na tisa chini ya sifuri, sabini na saba, sabini na nne.
Humo mna maji ya watu sitini na wawili,
makondakta, mama mmoja wa mahamri, kijana wa bandarini,
wote wamesimama kimya kwenye barafu kama wanafunzi gwarideni.
Sikuwa na la kufanya ila kutoufungua mlango.
Mlinzi wa aina hiyo ndiye niliyemtamania.

Alfajiri stima ikarudi. Nikanawa uso, nikapanda wadini.

Majibu yatafunguliwa baada ya miezi kumi na minane.
Mimi kila asubuhi humsomea ubeti mpaka kipande cha saba,
kisha hunyamaza, kama alivyokuwa akininyamazia
nikiwa ubaoni, chaki mkononi, jasho kwapani.

Leo amenyanyua mikono juu ya shuka.
Akakunja kidole gumba. Cha shahada. Cha kati.
Midomo yaenda, sauti hakuna.
Akahamia mkono wa pili, polepole,
na vidole vinane vilipokwisha kulala
akaacha viwili vimesimama, akanitazama
kwa lile jicho la kunifinya sikio.

Silabi zimetimia. Maneno ndiyo hayajawasili.

Kwenye daftari la utafiti, safu ya maoni,
nambari sitini na mbili, nimeandika:
mizani iko sawa.

Dkt. Kadzo ameuliza hicho ni kipimo gani.